Kasri Lisilo na Meno

Jumatatu, 4 Machi

Barua imefika! Kutoka Ujerumani, kwa binti yangu. Nene. Stempu sita juu yake. Sita! Nimemfundisha vizuri. Mwezi uliopita nilimwandikia aache kunibandikia stempu moja kubwa yenye picha ya ndege, kama mtalii. Abandike ndogo ndogo, zile za kila siku, zenye makasri.

Watu hawaelewi. Hata chamani kwetu. Wakusanya stempu kumi na mmoja, watu wazima na akili zao, tisa wanapenda maua na vipepeo. Stempu ya kila siku hawaitazami. Inachapwa miaka nenda miaka rudi, picha ile ile, inabandikwa kwenye bili za maji. Lakini hapo ndipo penye siri! Moja imetoka kwenye karatasi kubwa, ina meno pande zote nne. Nyingine imetoka kwenye roli, ule utepe mrefu uliovingirishwa, na kila ya tano ina namba mgongoni. Nyingine imetoka kwenye kijitabu, na upande mmoja, juu au chini, hauna meno kabisa, umenyooka kama rula. Mjinga anaona stempu sita zinazofanana. Mimi naona ukoo mzima, na kila mtu kazaliwa wapi.

Mwingine anayeona ni mwanyumba wangu, fundi saa. Alimwoa mdogo wa mke wangu, na tangu siku hiyo hajaacha kunifuata nyuma. Nilipoanza stempu za Ujerumani, naye akaanza Ujerumani. Ana ile lenzi ya kazini anaibana jichoni bila kuishika. Mimi yangu naishika kwa mkono, na mkono unatetemeka. Miaka mitatu mfululizo kabati la kioo la mshindi pale maktaba limekaa kurasa zake, na kikadi chenye jina lake kwa herufi za kuringa. Mwaka huu basi. Maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na sita.

Kosa moja dogo leo. Nilitaka kuona migongo upesi. Kukata bahasha kwa mkasi ni hatari kwa meno. Nikaamua kuloweka pembe tu, barua ikiwa bado ndani. Nimeshika pembe, jirani akapiga hodi. Alitaka kujua kama na kwangu maji yanatoka machafu. Tukayajadili maji saa nzima. Niliporudi, bahasha ilikuwa imelala ndani ya maji ya beseni kama samaki.

Kurasa nane, wino wote umekwenda. Nimeokoa maneno manne: "baba", "uwanja", "mwenyewe", "tafadhali". Ya kawaida. Barua za watoto zinafanana zote.

Lakini stempu ya tano! Kasri la samawati, pfenigi kumi, senti za kule. Chini haina meno! Ya kijitabu! Nimecheza peke yangu jikoni.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu kauliza kama barua ya mtoto imefika. Yeye ni mwalimu wa chekechea, ana namna ya kuuliza ambayo hata mtu mzima anajikuta anaonyesha mikono. Nikasema imefika, nimeiacha ofisini. Anasemaje? Anasalimia sana. Mumewe je? Hapo nikakwama. Nikasema mume hakutajwa.

Akaweka sahani chini. Kurasa ngapi? Nikasema nane. Kurasa nane na mume hajatajwa hata mara moja? Nikanyamaza. Kunyamaza si uongo. Akaenda chumbani, akarudi na macho mekundu, akavaa viatu, akaenda kwa mdogo wake.

Kwa hiyo sasa fundi saa anajua nimepokea barua. Atakuwa anajiuliza ilibandikwa nini. Asilale!

Kurasa nimezianika kwenye kamba ya nguo. Zimekauka zikiwa na rangi nzuri ajabu, samawati iliyofifia, kama mbingu ya asubuhi. Karatasi ya namna hii haiuzwi popote.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepita dukani kwa fundi saa. Kwa bahati tu. Stempu ilikuwa mfukoni, pia kwa bahati.

Akabana lenzi jichoni. Akaitazama muda mrefu, saa zote ukutani zikimpigia makofi. Akasema ni halali, ya safu ya chini kijitabuni, na ni safi. Halafu akasema, kwa sauti ile yake ya upole inayonichefua, kwamba ingependeza zaidi ikiwa na mwenzake, ile isiyo na meno juu. Zikikaa jozi, hakuna wa kubisha.

Amesema makusudi. Anajua sina.

Kisha akaniuliza kama binti yuko salama. Mke wake amelia siku mbili. Nikamwambia ashughulike na saa zake.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewaza hivi. Stempu ya kijitabu ni nini? Ni stempu ya kawaida iliyokosa meno upande mmoja. Na kukosa meno ni jambo linaloweza kumpata yeyote.

Wembe mpya. Rula ya chuma. Kasri la samawati la kawaida, ninayo arobaini na mawili. La kwanza nimekata mshazari. La pili wembe umepita kwenye paa la kasri. La tatu nimekata kidole, kasri limekuwa jekundu. La nne, safi! Juu limenyooka kama ahadi ya mgombea.

Nimeitazama jozi kwa lenzi. Mapacha. Mtu angeapa wametoka tumbo moja.

Si udanganyifu. Mahali fulani duniani stempu hiyo ipo. Mimi nimeiwakilisha tu.

Jumanne, 12 Machi

Mke wangu hataki kuzungumza. Amepiga simu Ujerumani kutoka posta mara mbili, haikupokelewa. Kasema kama binti yetu ameachwa basi afadhali arudi nyumbani, chumba chake kipo. Nikamwambia chumba chake kina albamu. Akanitazama kama mtu anayesoma kibao cha herufi cha daktari wa macho.

Nimeanza kupanga kurasa za maonyesho. Nimetumia zile karatasi za samawati. Nimezipiga pasi kwa kitambaa juu. Kasri la samawati juu ya mbingu ya samawati! Fundi saa hutumia karatasi nyeupe ya ofisi. Hana hisia.

Alhamisi, 14 Machi

Siku mbaya. Naiandika kama ilivyokuwa, nisije nikasingiziwa baadaye.

Nilikuwa mezani nabandika. Mlango wa gari. Sauti za watu. Akaingia fundi saa amebeba sanduku, nyuma yake binti yangu, nyuma yake jamaa mmoja mrefu mwenye miwani aliyegonga kichwa mlangoni. Mkwe! Mke wangu akapiga kelele, wakakumbatiana, ikawa vilio mtindo mmoja.

Binti yangu alikuwa ameketi uwanja wa ndege kwa muda wa saa nne. Aliniandikia mimi peke yangu: siku, saa, ndege gani, nije mwenyewe kuwachukua, nisimwambie mama, iwe zawadi yake. Alipochoka kusubiri akampigia baba yake mdogo dukani. Fundi saa akafunga duka na saa za watu ndani, akaenda.

Wote wakanigeukia. Nikasema nilichanganya tarehe. Nikamwonyesha mke wangu kidole kwa furaha: unaona nilivyotunza siri? Hata mume sikumtaja! Hapo nilijiokoa vizuri, nakiri mwenyewe.

Kisha nikaharibu. Nilimwambia binti yangu kwamba amenenepa, inaonekana chakula cha kule kinampenda.

Akaweka mkono tumboni. Ana mimba ya miezi mitano. Aliniandikia, ukurasa wa tatu.

Nikacheka, nikasema natania. Binti akacheka nusu. Akaketi karibu yangu, akanishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo, "Na lile swali la ukurasa wa sita, baba? Umelifikiria?"

"Nimelifikiria sana."

"Unasemaje?"

"Nimekubali."

Akaniangukia shingoni. Analia, ananibusu, ananiita baba yangu, baba yangu. Mkwe akanipa mkono, akautikisa kama anasukuma pampu. Sijui nimekubali nini. Lakini ni muda mrefu sijakumbatiwa hivyo, na sikuona sababu ya kuuliza.

Jambo la mwisho, na ndilo baya kuliko yote. Mkwe anafanya kazi posta! Dirishani! Na alikuwa amenibebea zawadi. Pale uwanjani binti yangu alipomwona baba yake mdogo alikimbia akilia "Baba! Baba!" Mkwe anajua maneno matatu ya Kiswahili, na moja ni baba. Akainama, akamkabidhi fundi saa kifurushi.

Ndani, binti kaniambia, vijitabu vinne vya stempu. Vizima. Makasri.

Ijumaa, 15 Machi

Fundi saa kaja asubuhi na kifurushi. Kakiweka mezani kwa mikono miwili. Kasema kilifika kwake kwa makosa, hakukielewa mpaka alipofungua nyumbani, na kwamba ndani mna zile zisizo na meno juu. Niweke jozi yangu halali, maonyesho ni kesho.

Angekileta kwa kiburi ningekipokea. Alikileta kwa huruma. Alisimama pale na lenzi ikining'inia shingoni, ananitazama kama saa ambayo haifai kutengenezwa.

Nikamwambia zawadi haihamishwi kama godoro. Aliyepewa kapewa. Na jozi ninayo tayari, asante.

Akauliza nimeipata wapi.

Nikasema kila mtu ana njia zake.

Akakichukua kifurushi, akaondoka polepole, akasimama getini, akageuka, akaondoka. Nimeirudia jozi kwa lenzi mpaka adhuhuri.

Jumamosi, 16 Machi

Ukumbi wa kusomea, maktaba. Meza zimepangwa, watu wamejaa kuliko mwaka jana. Mke wangu kavaa nguo mpya. Binti, mkwe, shemeji mke wa fundi saa, wote wamekuja. Kurasa zangu zilikuwa zinawaka! Watu walisimama kwa ajili ya rangi ya karatasi tu.

Mwenyekiti wetu ni mkunga mstaafu. Amezoea kutazama vitu vidogo na kutangaza bila kupepesa ni vizima au la. Alifika kwenye jozi yangu. Akatoa kipimo cha meno. Akatoa rula. Akapima kasri la chini. Akapima kasri la juu. Akapima tena.

Akatangaza, mbele ya watu, kwamba stempu ya kijitabu hukosa meno lakini haikosi urefu. Hii ya juu ni fupi kuliko ndugu zake. Imenyolewa.

Nikasema hali ya hewa. Karatasi husinyaa.

Akasema karatasi haisinyai upande mmoja. Na kwa kuwa moja ni ya wembe, haoni kwa nini aiamini ya pili. Samaki mmoja akioza, alisema, akaishia hapo, maana watu wazima hawamaliziwi methali.

Ndipo fundi saa akasimama. Hakuitwa! Akasema stempu ya chini anaijua, ameitazama kwa jicho lake, ni halali, anaiwekea jina lake. Kila mtu akatikisa kichwa kumkubali. Stempu yangu, kutoka kwa binti yangu, mpaka iaminike inahitaji jina lake!

Nikapaza sauti kwamba sihitaji wakili. Nikasema huenda hata hiyo ya chini ni ya wembe, wao wanajuaje? Ndiyo, nilisema hivyo. Mwenyekiti akasema basi mwenyewe amekiri. Akazibandua zote mbili kwa kibano.

Mkwe alikuwa akinong'onezwa na binti yangu. Akasema kitu. Binti akatafsiri kwa sauti: anasema hiyo ya chini aliichana yeye mwenyewe kwenye kijitabu, akaibandika kwenye ile barua. Amefurahi kuiona hapa.

Binti yangu akasogea aione. Akainama. Akaigusa karatasi. Akaichomoa kwenye ubao, akaiinua kwenye taa, kama tunavyofanya wakusanyaji tukitafuta alama ya maji, ile iliyofichwa ndani ya karatasi. Nilitaka kumwambia asishike kwa vidole.

Akasoma. Sikudhani kuna cha kusoma. Mimi niliona rangi tu. Lakini kalamu yake inakandamiza sana, tangu shule ya msingi, na penye taa mikwaruzo yote ilionekana. Alisoma mstari mmoja, midomo ikitikisika, bila sauti. Akaichukua ya pili, ya tatu. Zote nane. Akazikunja pamoja na stempu zangu juu yake, meno na yote! Akazitia mkobani.

"Hukuisoma," alisema.

Nikamwambia ilikuwa ajali ya maji. Nikamwambia habari za jirani.

"Ningekuandikia tena, baba. Ungeniambia tu."

Mke wangu akaja mpaka mbele yangu. Alinitazama mara moja, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Shemeji akafuata. Mkwe akagonga kichwa mlangoni, akafuata.

Kabati la kioo limekwenda kwa vipepeo. Vipepeo!

Jumapili, 17 Machi

Hakuna mtu nyumbani. Wote wamehamia kwa fundi saa. Nimepika mwenyewe, nimeunguza.

Alasiri kaja fundi saa. Peke yake. Hakukaa. Nilimwuliza, kwa kuzungukazunguka, kama amesikia lolote juu ya ukurasa wa sita.

Akavua lenzi shingoni, akaifuta. Akasema binti yangu aliniomba mama yake aende kukaa naye huko mtoto atakapozaliwa. Mwaka mmoja, labda zaidi. Aliandika kwamba anajua nitabaki peke yangu, kwamba miaka yote hii hajui kama mimi humkumbuka yeye au bahasha zake, na kwamba nikikataa hatalalamika, ila nimjibu kwa maneno yangu mwenyewe, jibu lisilo na orodha ya stempu.

Na wewe ulikubali, alisema. Hapo hapo. Alifurahi mno.

Nikamwuliza kama naweza kubadili.

Akasema mlango anauona mwenyewe, akatoka.

Niliketi kidogo kwenye kiti cha mke wangu. Kina shimo upande wa kushoto ambalo sikuwahi kulijua. Nikasimama, nikaenda kuhesabu makasri ya samawati yaliyobaki. Thelathini na manane.

Jumapili, 24 Machi

Wamesafiri, binti na mkwe. Nilikwenda uwanja wa ndege mapema mno, saa tano kabla, mtu asiseme. Binti alinikumbatia kwa mkono mmoja. Nilitaka kumwambia jambo. Nilikuwa nimelipanga njiani, maneno mazuri, ya moyoni kabisa. Nikamwambia avae nguo nzito.

Mkwe alinipa mkono. Kisha akampa fundi saa mkono, na bega, na mgongo.

Mke wangu kabaki mpaka karatasi zake za safari zitoke. Kabaki kwa mdogo wake, si kwangu. Anakuja Jumatano kuchukua nguo. Anagonga hodi. Nyumba yake mwenyewe, anagonga hodi.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu kaondoka leo.

Sitaki mtu aseme sikuguswa. Niliguswa. Nilibeba sanduku lake mpaka kwenye gari la fundi saa, na ni zito, kafungasha kama mtu asiyerudi. Nilimwuliza anakwenda kwa muda gani. Akasema hajui. Nikamwuliza mwaka? Akasema hajui, mume wangu. Bado kaniita mume wangu, nimelisikia vizuri. Akasema chumvi iko kopo la kijani na nisifungue madirisha mvua ikinyesha. Kisha akanitazama kwa muda, akingoja. Alikuwa akingoja kitu. Fundi saa akageuka akatazama barabara. Shemeji akajifanya anatafuta leso.

Nami nikampa waraka. Nilikuwa nimeuandaa wiki nzima, kwa mwandiko wangu bora, pande zote mbili za karatasi. Nikamwekea kiganjani, nikamkunjia vidole.

Aliufungua garini, wakiwa bado hawajaondoka. Nilimwona kupitia kioo. Aliusoma wote, mstari kwa mstari, mpaka nyuma. Akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. Gari likaondoka.

Nadhani ameelewa. Nimeueleza kwa lugha rahisi kabisa, anayoweza kuielewa hata mwalimu wa chekechea: dirisha lipi posta, aombe vijitabu, achane polepole, kwanza zisizo na meno juu. Na aandike kila wiki. Haidhuru aandike nini.

Nimekaa kwenye kiti chake na kuwaza. Zamani nilikuwa na mmoja tu Ujerumani. Sasa ninao wawili, na wa tatu atazaliwa Julai. Nimevuta albamu mpya, nimepiga mistari kurasa ishirini za kwanza.

Kesho nitapita dukani kwa fundi saa. Nataka nimwone uso wake nitakapomwambia.